Gari Lililomkataa Mama Masika

Tangu niache kazi, mke wangu ananiuliza kila asubuhi ninakwenda wapi, na kila asubuhi ninajikuta nimeshavaa ovaroli. Safari hii amenikalisha mezani, akanipa kalamu na kuniambia niandike, labda miguu itatulia. Basi ninawaandikia ninyi mliobaki gereji. Juu ya vyeo sina la kusema, maana kwetu vyeo vilikuwa viwili tu, patroni na wengine. Juu ya mshahara mtajionea wenyewe. Nitaandika juu ya umeme, kwa sababu mpaka leo haujaacha kunishangaza.

Nilianza kazi katika gereji moja ya mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kati ya kanisa la mabati na mchomeleaji wa milango. Upande huu waliimba, upande ule waligonga chuma, na sisi katikati tulijaribu kusikiliza injini. Aliyenipokea ni Mzee Mutombo, fundi ambaye baba yake alitoka Kasai kuja kutafuta kazi na hakurudi tena. Siku ya kwanza nilitegemea atanipa spana. Alinipa taa. Ilikuwa balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili, waya mmoja una kibanio, mwingine una msumari uliochongwa.

"Moto iko inatoka mu batterie, inaenda fasi yake," aliniambia. "Weye ufuate tu. Fasi lampe inakatala kuwaka, njo pale ugonjwa iko. Usifungue kintu kingine."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimesoma ufundi shuleni, nilijua kuchora mizunguko ya umeme kwa rula. Mwaka uliofuata nikajinunulia kipimo cha namba, kile cha kioo, nikaja nacho kifua mbele. Mzee Mutombo alikiangalia mara moja. Alichukua waya, akaukata nyuzi zake zote akabakiza uzi mmoja mwembamba kama nywele, akaniambia nipime. Kipimo kikasema volti kumi na mbili, sawasawa na betri. Kisha akagusisha taa yake. Haikuwaka hata kidogo.

"Kyombo yako inauliza kama moto iko," alisema. "Yangu inauliza kama moto iko na nguvu ya kutumika. Ni maulizo mbili."

Ndiyo maana mlikuwa mnaniona na vyote viwili mfukoni, na mkanicheka. Mnaendelea kunicheka, najua. Lakini nilimzika Mzee Mutombo nikiwa bado ninaitumia ile taa yake, na balbu nilibadilisha mara nyingi kuliko viatu.

Halafu yakaja magari ya kompyuta. Yale ya zamani yalikuwa na ugomvi wa wazi, ukifungua boneti unaona mafuta yanamwagika, unajua nani mkosaji. Haya mapya yananyamaza. Injini inazungushwa na stata vizuri, petroli ipo, betri ipo, na gari halitaki. Wengi wetu tulikimbilia pampu, tukakimbilia plagi, tukabadilisha vitu vya watu ambavyo havikuwa na kosa lolote. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kompyuta ya injini nayo inakula, na kuna mlinzi mmoja mdogo anayeifungulia mlango wa chakula. Kidude cheusi, kikubwa kidogo kuliko kete ya drafti, kina miguu minne. Sisi tunakiita relei. Ukiwasha kontakti, yaani ukizungusha ufunguo kabla ya stata, umeme mdogo unapita miguu miwili na kuamsha sumaku ndani yake. Sumaku inavuta ulimi. Ulimi unafungua njia kwa umeme mkubwa upite miguu mingine miwili kwenda kwa kompyuta. Unasikia "tik". Usiposikia "tik", kompyuta imelala, na kompyuta ikilala, injini haina wa kuiambia ifanye nini.

Kwa hiyo shikeni hili kabla ya yote. Fungua kontakti bila kuwasha injini, angalia dashibodi. Ile taa ndogo ya injini ikiwaka, kompyuta inakula, nenda utafute kosa kwingine. Isipowaka, usiguse pampu, usiguse plagi, tafuta relei. Mara nyingi relei ya honi ni ndugu yake kabisa, unaweza kuichomoa ukaiweka pale kujaribu. Ila ukimaliza, irudishe. Katika mji huu kuna wachungaji kadhaa ambao magari yao hayana honi, na fundi aliyehusika anajijua.

Jambo la tatu lililonifunza kazi halikuwa katika kitabu chochote cha kiwandani. Magari yetu mengi yanatoka Japani na usukani upande wa kuume. Yanashuka Dar es Salaam, yanapita Zambia, yanaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, na huku sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, usukani ni wa kushoto. Basi gari linapelekwa kwa mafundi wa kuhamisha usukani. Wapo kati yao mabingwa kweli, ukikalia gari lao huwezi kujua. Lakini usukani ukihama, pedali zinahama, dashibodi inakatwa na kuungwa, na nyaya hazirefuki zenyewe. Kila mmoja anaziunga jinsi roho yake inavyomtuma. Ndiyo maana nilizoea kuliuliza kila gari kabla ya kufungua chombo: wewe ulizaliwa na usukani upande gani? Na sasa nimefika pale nilipotaka kufika.

Mama Masika alikuja gereji mchana mmoja wa kiangazi, juu ya pikipiki ya abiria, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti inayofika mbali, mzaliwa wa Butembo aliyekuja Lubumbashi na biashara ya maharagwe na kuolewa hapa hapa. Mume wake, Mwape, mtu wa upande wa Kasenga, alikuwa amefariki kabla ya mvua kuisha. Wawili hao walikuwa na gari dogo la mizigo walilolitumia kuleta samaki wa kukaushwa kutoka Kasomeno. Mwape alipokuwa hai, aliliendesha yeye. Sasa alilazimika kuliendesha mke.

"Papa Ilunga," alisema kabla hajakaa, "motokari inanikatala."

"Inakatala namna gani, mama?"

"Inanikatala miye. Shemeji yangu akitembesha, hakuna shida. Chauffeur ya jirani, hakuna shida. Miye nikishika volant, tunafika pale mbele, inazima. Mara ingine inakatala ata kuwaka."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nikaacha.

"Bo banasema njo bwana yangu," aliendelea, na ile sauti yake ikapungua. "Banasema ananikatala juu hakufwa kufwa ya bure. Unanielewa? Samedi famille inakutana. Batachukua motokari, jina yangu itaoza, na miye batanirudisha Butembo. Batoto banasema ni ba kwabo, batabakia."

Nilimwelewa: kwao marehemu ndiye aliyelizima gari kwa sababu mke alimuua, na Jumamosi ukoo ungekutana. Wote mnajua maneno yanavyokwenda baada ya msiba. Mgeni wa mbali, mume amekufa ghafla, halafu gari la marehemu linazimika mikononi mwake mbele ya watu. Katika mji wetu kesi nyingine zimekatwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Gari lililetwa na shemeji mwenyewe, Kabamba, mdogo wa marehemu. Aliliingiza gereji taratibu, akalizima, akaliwasha tena kunionyesha, likaitika mara moja. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia. Nilimkuta mtu mrefu, mpole, macho yamevimba, anayeongea kama mtu anayesikiliza kitu kingine.

"Papa, hakuna panne," aliniambia. "Yaya tu njo hataki. Bado hatujamutosha lufu, na yeye ameanza kutembesha."

Alimaanisha kwamba gari halina ubovu, ila kaka yake marehemu, ambaye wao humwita yaya, hataki, kwa kuwa zile desturi za ukoo, za kumfungua mjane baada ya msiba, zilikuwa hazijafanyika. Sikubishana naye. Fundi akianza kubishana na marehemu, gari linakaa gereji mpaka linaota majani.

Nikalipima. Betri nzuri, fyuzi nzuri. Nikachomoa relei ya kompyuta, nikaifungua, nikaona ulimi wake umeungua kidogo. Nikafurahi kama mtoto, nikaweka mpya. Nikaliendesha mpaka Karavia na kurudi, kwenye mashimo na kwenye lami, halikukohoa. Nikamkabidhi Mama Masika funguo nikamwambia aende kwa amani. Kesho yake alirudi na pikipiki. Lilikuwa limezimika karibu na soko la Kenya, mbele ya wanawake anaouza nao, na wanawake wawili waliokaa nyuma juu ya magunia walishuka wakaenda zao bila kumuaga. Kisha akapita kijana mmoja dereva wa basi dogo, akaingia, akaliwasha ili alilete kwangu. Likaitika.

Ninawaambia ukweli, sikuwa na huruma tu. Nilikuwa na hamu. Gari linalochagua dereva! Nilikula chakula cha mchana bila kujua ni nini kilichokuwa kwenye sahani. Kompyuta ya injini haina macho, haina kabila, haijui nani ni mjane. Kwa hiyo kama inamtofautisha Mama Masika na sisi wengine, basi kuna kitu anachokifanya yeye ambacho sisi hatukifanyi, au kinyume chake. Nilimpigia simu nikamwomba aje, nikamfanyia mtihani. Nikamwambia aache simu yake mezani. Aache mkoba. Atumie ufunguo wa akiba. Avue bangili, huenda zinagusa kitu. Kila mara tulizunguka gereji, na kila mara gari lilifika mahali likazimika.

"Mama, ukitembesha unakuwaga unafanya nini ingine?"

"Ninasali."

"Jaribu bila kusali."

Aliniangalia kwa jicho ambalo nimewahi kuliona kwa mama mkwe wangu tu. "Ile, Papa Ilunga, hapana."

Basi nikafanya jambo ambalo Mzee Mutombo angelifanya tangu asubuhi. Nikaifunga taa yake kwenye ule mguu wa relei unaopeleka umeme kwa kompyuta, nikavuta waya mrefu mpaka kiti cha abiria, nikakaa nimeishika mapajani, nikamwambia Mama Masika aendeshe, asali anavyotaka. Taa ikawa inawaka vizuri. Tukapita kanisa, tukapita kwa mchomeleaji, tukaingia kwenye matuta ya barabara ya nyuma. Alikanyaga klachi abadilishe gia, na taa mapajani mwangu ikazimika. Injini ikafuata. Ile taa ndogo ya injini kwenye dashibodi nayo ikawa imekufa.

Kwa hiyo relei ilikuwa imeachia. Nikashuka, nikahamisha msumari kwenye mguu unaopokea umeme kutoka kontakti: taa ikawaka. Umeme unafika, basi. Kilichobaki ni njia ya kurudi, masi, ule waya unaoifunga sumaku ya relei na chuma cha gari. Kila umeme unaokwenda lazima urudi; usipopata pa kurudia, hauendi. Nikamwomba Mama Masika ashuke nikae mimi, nifungue kontakti nikisikiliza. Nikaingia, magoti yakagonga usukani, nikapeleka mkono chini kama mtu yeyote, nikasukuma kiti nyuma, nikazungusha ufunguo. Taa ikawaka, injini ikanguruma.

"Unaona!" Mama Masika alipiga kelele barabarani, mikono kichwani. "Unaona! Weye inakupenda!"

Mkono wangu ulikuwa bado umeshika kile kishikio cha kusogezea kiti.

Nikauangalia mkono wangu mwenyewe. Mimi ni mrefu. Kabamba ni mrefu, na marehemu kaka yake alikuwa hivyo hivyo. Dereva wa jirani, kijana wa basi, kila mwanamume aliyekuja kuokoa, wote waliingia mahali alipokuwa amekaa Mama Masika, wakagonga magoti, wakasukuma kiti nyuma bila kufikiri. Nami nilifanya hivyo hivyo kila siku nilipolipima. Tulikuwa tunalitengeneza gari kwa kukaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Nilivuta kiti mbele mpaka mwisho, pale anapokifikisha yeye. Halikuzimika papo hapo. Nikajinyoosha kukanyaga klachi kwa nguvu, kiti kikasogea kidogo kwenye reli yake, injini ikafa. Nikasukuma nyuma, ikawaka. Mbele, klachi, ikafa. Nilirudia mpaka Mama Masika akadhani nimechanganyikiwa. Kisha nikafunua zulia. Gari lilizaliwa na usukani wa kuume. Yule aliyeuhamisha aliupitisha waya wa masi wa relei chini ya zulia, ulipofupika akaunga kipande kwa kusokota tu bila risasi ya kulehemu, akaufungia kwenye bolti ya reli ya kiti. Kiti kikienda mbele mpaka mwisho, chuma cha chini kiliuvuta. Kile kiungo kilikuwa kimeshikana kwa nyuzi mbili tatu, na utepe umekauka. Kipimo changu cha namba kingeapa mahakamani kwamba ni kizima.

Nilimwita Mama Masika, nikamwonyesha, nikamweleza. Aliinama akaangalia. Alinyoosha kidole akaugusa ule waya, akaurudisha haraka.

"Njo hii?"

"Njo hii, mama. Nipatie kidogo tu, ninaunga, unaenda."

"Hapana," alisema. "Usitengeneze."

Nilidhani sikusikia.

"Ukitengeneza leo, samedi itakuwa inatembea. Batasema nini? Batasema yaya amesamehe, ao batasema nilienda kwa nganga. Na kesho kintu kingine kikiharibika, itakuwa miye tena. Iache vile. Baone na macho yabo."

Katika kazi yangu yote hakuna mteja mwingine aliyewahi kuniomba nisitengeneze. Lakini alikuwa na haki, na mimi sikuwa nimeliona hilo. Ugonjwa ukishapona hauna shahidi. Nikafunika zulia, nikamkabidhi gari bovu, nikamwambia asiliendeshe mpaka Jumamosi.

Jumamosi tulikusanyika uani kwao, ukoo wa marehemu kwenye viti vya plastiki, Mama Masika kwenye mkeka na watoto wake, mimi na mkoba wangu wa vyombo kama mchuuzi aliyekosea nyumba. Aliyeongoza ni tantine, shangazi wa marehemu, mwanamke mkavu ambaye hakunikaribisha wala kunifukuza. Nilieleza. Nilieleza vizuri, nadhani: relei, sumaku, njia ya kurudi. Hakuna aliyenielewa, na sikuwalaumu.

"Fundi," alisema tantine, "maneno ni mingi. Onyesha."

Nikamwomba Kabamba akae kwenye usukani. Akakaa, akasukuma kiti nyuma, akawasha. Likaitika. Minong'ono ikapita kwenye viti. Nikamwomba azime, nikaupinda mgongo, nikavuta kile kiti mbele mpaka mwisho na yeye yumo ndani, magoti yakamfika karibu na kidevu. Watoto wakacheka, wakanyamazishwa. "Washa," nikamwambia.

Likawaka. Likaendelea kuwaka.

Hapo ndipo nilipotokwa jasho. Kasoro inayokuja na kuondoka haipendi mashahidi, mtaliona hilo nanyi. Injini ilinguruma vizuri kama siku ilipotoka kiwandani, na ukoo mzima ukiniangalia. Mama Masika alikuwa amefumba macho. Mjomba mmoja alianza kuinuka, akisema wakati unapita.

"Embrayage," nikamwambia Kabamba, nikimwonyesha klachi. "Kanyaga embrayage. Nguvu, mpaka chini."

"Miguu haina fasi, papa."

"Fanya fasi!"

Akajikunja, akakanyaga, kiti kikasogea na injini ikakatika. Akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka, ikazunguka, gari likamkatalia.

Tantine aliinuka kwenye kiti chake, akasogea mpaka kwenye mlango wa gari, akamwangalia Kabamba alivyokunjika mle ndani.

"Kumbe na weye anakukatala," alisema. Kisha akamwashiria ashuke. "Toka. Miye nijaribu."

Alijaribu. Alijaribu mjomba, na mjomba mwingine, na shemeji wa upande wa mama ambaye hakuwahi kuendesha gari maishani. Kiti mbele, klachi, linakufa. Kiti nyuma, linafufuka. Nikafunua zulia, wakainama wote kwa zamu kuuona waya, wakiulizana ni nani aliyehamisha huo usukani na kama bado yuko mjini. Hamu ni kitu cha ajabu. Wale wale waliokuja na hukumu mfukoni walikuwa sasa wanagombea nafasi ya kuliua gari. Tantine aliwaacha wacheze, halafu akapiga makofi mara moja, akasema mambo ya motokari yameisha, motokari ni ya Masika na batoto, na yale mengine yote yaliyosemwa hakuyasikia na hataki kuyasikia. Akaomba chai.

Watu waliingia ndani. Mimi nilibaki nimelala kifudifudi sakafuni mwa gari, ninaukata ule uchafu wa kiungo nianze upya na waya mzima. Nikasikia mtu amekaa kwenye kiti cha abiria. Alikuwa Kabamba.

"Papa," alisema. "Donc yaya hakusema kintu."

Nilikuwa na jibu la fundi, na nilikuwa na risasi ya kulehemu mkononi. "Ilikuwa waya, mwana yangu."

"Tangu alikufwa, hakunitokea ata mu ndoto. Mais kila mara motokari ilikuwa inawaka kwa miye, nilikuwa namuambia: asante, yaya. Nilikuwa nafikiri eko pale."

Akafunika uso akalia, kilio cha mtu ambaye msiba umemfikia siku hiyo. Ningeweza kuwaeleza jinsi ya kuupima mzunguko wowote gizani, lakini kwa hilo sikuwa na chombo. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani kwa dakika moja kwamba nisingeupata ule waya.

Mama Masika alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai alichoniletea. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alikiweka juu ya boneti, akaingia upande wa usukani juu ya kichwa changu, akakaa karibu na shemeji yake bila kumgusa.

"Na miye vile," alimwambia. "Mbele yabo nilikuwa nasema ni panne. Peke yangu, ikizima, nilikuwa namuuliza: Mwape, nilikukosea nini? Nilikuwa namuuliza mu barabara, bantu banapita."

Kabamba aliinua uso akamwangalia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwangalia vile.

"Alikujibu?"

"Hapana."

"Na miye hapana," alisema Kabamba.

Nilimaliza kuchomea, nikafunga waya kwenye chuma mbali na kiti, nikarudisha zulia. Nikajitoa taratibu kwa kinyumenyume, nikamwomba Mama Masika awashe nisikilize. Aliwasha. Nilichukua chai yangu juu ya boneti, nikaenda kukaa mbali nao, nikainywa mpaka chini. Wale wawili walibaki mle ndani, mara wanaongea, mara wananyamaza, na injini inanguruma, na hakuna aliyekuwa tayari kuizima.